Risasi za Bibi Zenye Rangi ya Kucha

Kuna familia zinazogombana kuhusu mpira, na kuna zinazogombana kuhusu siasa. Sisi akina Stiles tunagombana kuhusu upana wa risasi. Iwe Pasaka, iwe Krismasi, hata iwe tumetoka mazikoni, sala ikishaombwa na bakuli la viazi likishazunguka meza, lazima mtu mmoja aulize, "Hivi mwizi akiingia sasa hivi, ungetaka uwe umeshika nini?" Basi. Chakula kitapoa.

Kwa asiyejua, mambo yenyewe ni mepesi. Bastola huitwa kwa upana wa risasi yake. Tisa, ambayo peke yake hupimwa kwa milimita na nyingine zote kwa sehemu za inchi, ni nyembamba, zinaingia nyingi kwenye bastola moja, na hazimsumbui sana mpigaji. Thelathini na nane ni za bastola za kizamani, zile zenye kichwa kinachozunguka. Arobaini na tano ni nene kama kidole cha mtoto. Inachimba tundu la maana, na ukiifyatua inakurudisha mkono mpaka karibu na sikio. Ishirini na mbili, ninayopiga mimi, inafaa kwa panya. Nimeshaambiwa hivyo na kila ndugu niliye naye, asanteni sana.

Kwetu jibu lilikuwa moja tu, na mwenye jibu alikuwa bibi yangu mzaa mama, Verlene. "Arobaini na tano," angesema huku akijifuta mikono kwenye aproni, "la sivyo chukua ufagio, angalau utafagia ukimaliza kufa."

Alikuwa na haki ya kutamba. Mwanamke mfupi, kifundo cha mkono wa kulia kimepinda kidogo tangu usichana, ng'ombe alipombana kwenye lango la zizi. Lakini kila Jumapili baada ya ibada yeye na babu Orval walitoka na viti vyao nyuma ya nyumba, wakakaa mbele ya ukingo wa udongo, na bibi akaangusha makopo kwa arobaini na tano. Wanaume wa kanisani walikuja kuona. Wengine walienda nyumbani wakiwa kimya.

Risasi babu alizitengeneza mwenyewe kwenye kibanda chake, kama wazee wengi wa huku: unaokota maganda yaliyokwisha kupigwa, unayasafisha, unatia fataki mpya na baruti mpya, unabana kichwa juu. Za bibi alizipaka rangi nyekundu ya kucha kwenye kitako, kila moja, ili zisichanganyike na za watu wengine. Nilimtania sana kwa hilo. "Babu, umemaliza kucha zote za kijiji, sasa umehamia risasi?"

"Mke wangu ana vyake," angenijibu, akipuliza rangi ikauke.

Na bibi, aliyekuwa karibu amejifanya hasikii, masikio yangemwiva.

Babu alifariki Januari, kwenye kiti chake, taarifa ya hali ya hewa ikiendelea kwenye televisheni. Tulimzika kwenye theluji. Na theluji haikuwa imeyeyuka vizuri mjomba wangu Royce alipoanza.

"Mama, huwezi kukaa peke yako kule bondeni."

"Nimekaa kule kabla wewe hujajua kujifuta."

"Ulikaa na baba. Polisi wa kaunti wakiitwa wanachukua nusu saa, na hapo daraja halijafurika. Ghala la jirani zako akina Hutchens limevunjwa mwezi uliopita. Nina chumba nyuma ya gereji, kina joto, kina bafu lake."

"Chumba nyuma ya gereji ni cha mashine ya kukatia majani, Royce."

Hayo yalisemwa mezani, mimi nikiwa katikati na kijiko cha maharage. Lazima nimtendee haki mjomba: hakuwa mkorofi. Ni mtu mkubwa, mpole, anayelia kwenye harusi, na tangu babu afariki alikuwa halali. Alipiga simu kwa bibi usiku kuuliza kama amefunga mlango, halafu akapiga tena kuuliza kama amefunga ule mwingine. Sasa na mimi niliamua kuokoa jahazi, nikasema, "Basi bibi akuonyeshe. Apige shabaha mbele yako. Akigonga, anabaki kwake. Akikosa, anahamia kwa mashine ya majani."

Nilikuwa natania, kwa kweli. Lakini mjomba aliweka uma chini.

"Sahani ya karatasi," akasema. "Risasi tano. Tatu ziguse sahani."

"Tano," bibi akasema. "Zote tano. Na kwa arobaini na tano, kama ulivyolelewa."

Wakapeana mkono juu ya mkate wa mahindi. Mimi nikajiona nimetatua matatizo ya dunia.

Tatizo la kwanza: kopo la kahawa lililokuwa na risasi za bibi lilikuwa limekwisha. Alizimaliza Jumapili za Februari, peke yake na kiti cha babu kitupu pembeni. Ikabaki moja tu, ile aliyoiweka kwenye dirisha la jikoni kati ya sabuni na mche wa nyanya, kitako chekundu kikitazama nje. Hiyo hakuna aliyethubutu hata kuisogeza.

Kwa hiyo nikampeleka kwa mzee Dub, mwenye duka la bunduki na chambo za samaki pale njia panda. Mzee Dub alikuwa rafiki wa babu tangu shule. Bibi aliingia, akaegemea kaunta kama anaagiza nyama.

"Nipe boksi la arobaini na tano, Dub. Hizi za kiwandani."

Mzee Dub alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Dada Verlene, umefikiria tisa?"

"Tisa ya nini?"

"Siku hizi tisa imebadilika. Vichwa vyake vinapanuka vikiingia. Polisi wengi wameirudia. Mtu mzima anaishika vizuri, anagonga anapotaka. Risasi iliyogonga ni kubwa kuliko ile iliyokosa, hata ikiwa nyembamba."

"Dub, umeanza kuuza tisa au umeanza kuzeeka?"

"Au hii hapa." Akatoa bastola ndogo ya kichwa kinachozunguka. "Thelathini na nane. Huna cha kuvuta nyuma kabla ya kupiga, hakuna cha kukwama. Wajane wengi—"

Nilifumba macho. Neno lile alikuwa hajaambiwa usoni bado.

"Wajane wengi," bibi akasema taratibu, "huenda hawakuolewa na Orval Stiles. Boksi langu, Dub."

Mzee Dub alimpa. Lakini alilishikilia boksi kidogo kabla ya kuliachia, akanitazama mimi, akafungua mdomo, akaufunga. Nilidhani ni kiungulia. Mzee Dub hula soseji za kwenye chupa.

Jumamosi ilikuwa na jua na upepo mdogo. Mjomba Royce alibandika sahani kwenye ukingo wa udongo, sahani nyeupe yenye maua pembeni, iliyobaki kwenye chakula cha msiba. Sote tukaziba masikio. Bibi alivaa koti la babu la kuwindia, mikono ameikunja mara mbili. Alisimama vile anavyosimama siku zote, kidevu juu, kama anapigwa picha.

Akafyatua.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Bastola iliruka juu, mikono ikaifuata, bibi akarudi nyuma hatua moja na udongo ukapasuka mbali kabisa na sahani. Aliitazama bastola kana kwamba imemtukana. Akajiweka sawa, akapiga ya pili. Alikuwa amefumba macho kabla haijalia, niliona. Ya tatu ilipiga juu ya ukingo, mahali pasipo na kitu ila nyasi. Baada ya hapo aliishusha bastola, akaiweka mezani kwa uangalifu, mdomo ukielekea kwenye udongo kama tulivyofundishwa sote, akakishika kifundo chake cha mkono.

"Mama," mjomba akasema.

"Usiseme kitu."

"Mama, labda upepo—"

"Hakuna upepo, Royce. Usinidanganye, huna kipaji hicho." Alikuwa anautazama mkono wake. "Hii mikono imekufa na baba yako. Ndivyo ilivyo. Nilidhani nimebaki mzima, kumbe."

Akaingia ndani. Mjomba akabandua sahani, nzima kabisa, akawa anaishika tu, anaigeuza. Machozi yalikuwa yanamtoka. Nikamwambia, "Mjomba, umeshinda, mbona unalia?"

Wiki iliyofuata niliishi kwa bibi, kumsaidia kufungasha. Hakupinga tena. Hilo ndilo lililoniumiza. Bibi ambaye angebishana na mchungaji kuhusu bei ya mayai, sasa alikuwa anafunga vikombe kwenye magazeti na kuuliza, "Huko kwa Royce kuna dirisha?" Nikamwambia lipo. "Linatazama nini?" Gereji, nikasema. Akatikisa kichwa, akachukua kikombe kingine.

Kila asubuhi aliamka akatengeneza mchuzi mweupe na vimkate kwa watu watatu. Halafu akakumbuka. Cha babu nilikila mimi, na cha kwangu pia. Jinzi zangu ni mashahidi.

Siku moja akanituma nikafungashe kibanda cha babu. "Mimi siwezi kuingia," akasema. "Wewe unajua vitu vyake."

Ni kweli nilijua. Babu ndiye aliyenifundisha kutengeneza risasi, nikiwa nimesimama juu ya kreti. Kibanda kilikuwa kinanuka mafuta, moshi wa kuni na kahawa. Nikakaa kwenye stuli yake, nikawaza jambo la kijinga kidogo: nitamtengenezea bibi risasi za mwisho, chache, nizipake rangi, awe nazo dirishani huko gereji.

Kwenye benchi kulikuwa na vipimo viwili vya baruti. Ni vifaa kama kinu kidogo cha pilipili: unavuta mkono, inaanguka baruti kiasi kilekile kila mara. Kikubwa kilikuwa cha risasi za watu wote. Kidogo kilikuwa cha bibi, na kando yake kichupa cha rangi ya kucha, kifuniko kimegandia. "Hicho cha bibi yako, usikiguse," babu aliniambia tangu utotoni, na sote tulichukulia kwamba ni mahaba tu, kama vile mtu na kikombe chake.

Nikakivuta. Ikaanguka baruti kidogo sana, kama chumvi ya mgonjwa wa presha. Nikadhani kimelegea. Nikavuta tena: kiasi kilekile. Nikavuta kile kikubwa, nikapima zote mbili kwenye mizani ya babu. Nikapima tena.

Risasi ilikuwa nene vilevile, ganda lilelile, kichwa kilekile. Ila ndani yake, babu alikuwa akiweka baruti ya kutosha tu kuifikisha kwenye kopo.

Sikumwambia bibi. Nilichukua ufunguo wa gari, nikamwambia naenda kununua gundi.

Mzee Dub alikuwa anapanga chambo. Nikamwambia, "Mzee Dub, babu alikuwa anampunguzia bibi baruti."

Alikaa juu ya ndoo. Mteja akaingia, akaona nyuso zetu, akatoka.

"Na springi pia," akasema. "Nilimwekea springi laini kwenye bastola ile, ili ifanye kazi na risasi laini, na bibi yako aweze kuivuta bila shida. Ndiyo maana hizi za kiwandani zilimrusha hivyo. Hata mimi zingenirusha."

"Na ukamuuzia!"

"Nilijaribu kumpa tisa! Nilijaribu kumpa thelathini na nane! Ulimsikia alivyonijibu." Akajifuta uso. "Orval aliniapisha, Raelynn. Walipooana tu. Kaka zake Orval walikuwa wanamcheka bibi yako, kwamba mwanamke mwenye mkono mbovu hawezi kushika bastola ya mwanaume. Orval akaja hapa, akasema atamwanzishia risasi laini, halafu atakuwa anaongeza kidogo kidogo mpaka azoee. Halafu siku ya kwanza bibi yako akagonga kopo. Unajua alifanya nini? Alimrukia Orval shingoni, mbele ya wale kaka wote. Orval akaja kuniambia, 'Dub, mimi siwezi kuongeza.' Hakuongeza tena, maisha yake yote."

Nikageuza ndoo nyingine, nikakaa mkabala naye.

"Sasa nifanye nini?" nikamuuliza.

"Mimi nilinyamaza, na angalia nilichofanya," akasema mzee Dub.

Njia nzima ya kurudi nilipanga namna ya kudanganya. Ningeweza kutengeneza kopo zima, nikapaka rangi, nikasema, "Bibi, angalia, babu alificha nyingine!" Angepiga, angegonga, angebaki kwake, angetamba mpaka kufa. Ulikuwa mpango mzuri sana. Tatizo lilikuwa lile neno lake: mikono imekufa. Alikuwa analiamini. Na hata akigonga kesho, siku moja kopo lingeisha tena, mimi ningekuwa mbali au nimeolewa na mtu mjinga, na yeye angeuamini tena uongo ule.

Kwa hiyo niliingia jikoni na visahani viwili. Kwenye kimoja nilikuwa nimemimina baruti ya kipimo kikubwa, kwenye kingine ya kipimo kidogo. Nikaviweka mezani mbele yake, mbali na jiko, msinifikirie vibaya.

"Nini hiki?" bibi akasema. "Umeniletea pilipili?"

"Hii ni ya risasi moja ya kiwandani. Na hii," nikasukuma kisahani cha pili, "ni ya risasi yako. Ya kwenye kipimo chako."

Alivitazama. Bibi si mtu wa kuelezwa mara mbili.

"Tangu lini?"

"Tangu mlipooana. Mzee Dub anajua."

Akavaa miwani yake ya kusomea. Akainamia kisahani kidogo, akagusa baruti kwa ncha ya kidole, akainua kidole, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha, pale ilipo ile risasi moja na mche wa nyanya.

"Hii ndiyo yangu?"

"Ndiyo, bibi."

"Hivi vumbi hili?"

"Ndiyo."

Nje mbwa alikuwa anajikuna kwenye ngazi, na kila akijikuna mguu wake ulikuwa unagonga ubao.

"Mwongo yule," bibi akasema. "Mwongo mkubwa, mwenye kipara! Nimewatukana wanaume wa kaunti nzima! Nilimwambia mchungaji bastola yake ni ya kuwashia sigara! Na yeye amekaa pale kwenye kiti, anatikisa kichwa, 'Umepiga vizuri, Verlene'!" Akapiga meza, baruti ikaruka. "Nilimlaza Royce bila pai kwa sababu alilia alipopiga arobaini na tano! Alikuwa na miaka kumi na mbili yule mtoto! Nikamwambia, mbona mama yako halii!"

Hapo akaanza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani, na sijui ni wakati gani kicheko kilibadilika, ila nilikuta nimemshika mabega na aproni yake iko usoni.

"Kila kitako," akasema ndani ya aproni. "Alikuwa anakaa pale kila Jumamosi na kibrashi kile, na vidole vyake vikubwa vile. Nilidhani ni mapambo."

"Mimi nilimcheka."

"Sote tulimcheka." Akaishusha aproni. Aliuinua mkono wake wa kulia, akaukunja, akaukunjua. "Kwa hiyo hii mikono haina tatizo."

"Haina tatizo lolote, bibi. Ni ileile mibovu ya siku zote."

"Ee, ileile mibovu," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile akasimama bila kushika meza. "Toa magazeti kwenye vikombe vyangu."

Jumamosi iliyofuata mjomba Royce alifika na pikapu na kamba za kufungia kitanda. Bibi alimkuta barazani.

"Weka kamba chini. Tunapiga tena."

"Mama, tulikubaliana."

"Tulikubaliana kwa kitu ambacho hakikuwa kweli. Kaa, nikuambie."

Akamwambia. Alimwambia yote, amesimama, mikono kiunoni, bila kujipunguzia: baruti, springi, mzee Dub, hata pai. Nilikuwa namtazama mjomba. Uso wake ulipitia hali nyingi. Nilidhani atalia, kisha nikadhani atakasirika. Alisema tu, "Pai ya matufaha ile?"

"Ya matufaha. Nisamehe, mwanangu."

Tukatoka nyuma. Nilikuwa nimetengeneza risasi tano kwa kipimo kidogo, nimezipaka. Rangi niliyoikuta ilikuwa imekauka, kwa hiyo nilitumia ya kwangu, ya zambarau yenye vimetameta. Bibi alizitazama akasema, "Sasa hizi ni za kahaba," akaziingiza kwenye bastola moja moja.

Kidevu juu. Akafyatua. Ulikuwa ule mlio wa Jumapili, mfupi na mnene, mlio wa utoto wangu wote, na mkono wake ulinyanyuka kidogo na kurudi palepale. Sahani ikatikisika. Ikatikisika tena, na tena. Ya nne ilipita pembeni, akatukana. Ya tano ikaingia karibu na katikati, kwenye ua.

Mjomba alivua vizibo vya masikio. "Mama, hiyo si arobaini na tano ya kweli."

"Basi kasimame pale karibu na sahani."

"Nasema tu, nguvu yake—"

"Kasimame, Royce. Ukiniambia haiumi, nitapanda pikapu mwenyewe."

Mjomba aliitazama sahani. Nne kati ya tano, na yeye alikuwa ameomba tatu tu. Kisha alishika njia, akaenda kwenye pikapu yake, akafungua mlango, akapekua chini ya kiti. Nilidhani anarudi na kamba. Alirudi na kikasha kidogo cheusi, akakiweka mezani, akakifungua, na masikio yalikuwa yamemwiva sawasawa na ya mama yake.

Ilikuwa tisa.

Bibi aliitazama bastola, akamtazama mwanawe. "Royce Allen Stiles."

"Ndiyo, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu nianze kujinunulia risasi mwenyewe."

"Na ile arobaini na tano unayokuja nayo Krismasi?"

"Naikodi kwa shemeji."

Jamani. Nililala kwenye nyasi. Kwa kweli nililala chini, na mbwa akaja kunilamba akidhani nimepigwa. Mjomba alikuwa anajitetea, "Ile inaniogopesha, mama! Naifyatua nikiwa nimefumba macho! Tangu nikiwa mtoto!" na bibi alikuwa ameshika tumbo kwa mkono mmoja na shavu la mwanawe kwa mwingine, akimpapasa kama anampima homa.

"Pole, baba," alikuwa anasema. "Pole, mwanangu. Hebu nione hiyo tisa yako."

Aliijaribu. Alisema inalia kama kikohozi cha paka. Aligonga sahani mara mbili, akairudisha haraka kwenye kikasha kabla haijaanza kumpendeza.

Kitanda hakikuondoka. Mjomba alitumia kamba zake kufunga mlango wa ghala uliokuwa unapigapiga, akafunga taa ya barazani inayowaka mtu akipita, akapima dirisha kwa ajili ya kitasa kipya. Bado anapiga simu usiku kuuliza kuhusu mlango. Bibi humjibu kwamba mlango uko wazi na ametengeneza chai kwa ajili ya wezi, kisha husikiliza mpaka mwanawe acheke ndiyo akate.

Mimi ndiye ninayetengeneza risasi sasa, kwa kipimo kile kidogo. Mzee Dub alikuja kuomba radhi na chupa ya soseji. Bibi aliipokea kwa vidole viwili.

Jana nilikuta taa ya kibanda inawaka. Alikuwa ameingia mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu Januari, amekaa kwenye stuli ya babu, miguu haifiki chini. Mbele yake alikuwa amezisimamisha risasi kichwa chini, na kichupa kipya cha rangi nyekundu wazi. Niliona ni nyembamba. Zilikuwa risasi za mjomba, zote za ile bastola yake ya tisa, sijui alizichukua lini kwenye pikapu.

"Atakuua," nikamwambia. "Ataonekana nazo kazini."

"Mwanangu ana vyake," akasema bibi, akainama, akapuliza rangi ikauke.